Ujumbe Uliomuua Baba Primus

Aikande aliyasoma maneno yale kwenye kioo cha kompyuta mara tatu, na mara zote tatu yalikuwa yaleyale: "Leteni gari kumchukua baba Primus amefariki saa mbili asubuhi."

Alijikuta amekaa sakafuni katika ofisi ya parokia, mgongo kwenye kabati la daftari za ubatizo. Primus alikuwa baba yake mzazi. Alilazwa wiki iliyopita katika hospitali moja ya mjini kwa homa ya mapafu, na jana tu alikuwa akiulizia mtori, supu ya ndizi na nyama ya nyumbani.

Na programu iliyoleta habari hiyo aliiandika Aikande mwenyewe. Mwaka ule wa 2001 simu za mkononi zilikuwa zimeanza kushika Moshi mjini, lakini huku juu mlimani, upande wa Kilema, ungezunguka shamba zima ukitafuta mtandao usiupate. Kwa hiyo Amit, mwenye duka la kompyuta alikofanya kazi, alitoa mashine mbili kuukuu. Antena moja ikafungwa juu ya paa la kanisa, nyingine hospitalini. Aikande akaandika programu kwa C, lugha ya kompyuta, akitumia maktaba ya mtandao, yaani sehemu za programu zilizoandikwa tayari, aliyoipakua bure. Mashine ya hospitali inafungua soketi, yaani mlango ambao kompyuta mbili huzungumzia, inatuma maneno. Ya parokiani inayapokea na kuyaonyesha. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mashine hizo kufanya kazi.

Alikimbia kwenye migomba hadi nyumbani. Mama yake, Dominika, alikuwa anaanika kahawa. Alipouona uso wa binti yake aliuacha mkeka.

"Ni baba yako?"

Aikande aliitikia kwa kichwa. Dominika akapiga yowe, na majirani wakaanza kumiminika kihambani, kwenye shamba lao la nyumbani, kutoka kila upande. Haikupita saa moja, baba mdogo Sirili, mdogo wake Primus, alikuwa ameshapima mahali pa kaburi na wanaume wanne wameshika majembe.

"Wewe nenda ukamlete kaka yangu," Sirili alimwambia, macho mekundu. "Ya hapa niachie mimi."

Aikande akapanda pikapu ya jirani yao Hosea, amepakata suti nyeusi ya baba yake na shuka jipya.

Hospitalini hakwenda wodini. Alikwenda moja kwa moja mochwari. Mhudumu akapitisha kidole kwenye orodha yake, akarudia, akatikisa kichwa.

"Primus? Hapa sina mtu wa jina hilo."

"Tafuta tena, kaka yangu. Amefariki saa mbili."

"Aikande!" sauti iliita nyuma yake. "Nimekaa kwenye benchi hili mpaka nimechoka. Gari liko wapi?"

Aligeuka. Baba yake alikuwa upande wa pili wa ua, kofia kichwani, mfuko wa nguo miguuni. Suti ikamponyoka Aikande ikaanguka vumbini. Alitaka kupiga kelele, lakini mdomo ukatoa kile ulichozoea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo suti ya nini?"

Nesi Victoria, aliyeandika ujumbe, aliapa kwamba hakuandika habari ya kifo. Akamwonyesha Aikande kwenye kompyuta ya hospitali. Mzee alikuwa ameruhusiwa, na ujumbe wake ulikuwa huu tu: "Leteni gari kumchukua baba Primus". Juu yake palikuwa na ujumbe wa mapema zaidi: "Mgonjwa Mektrida Temba wa Marangu amefariki saa mbili asubuhi." Huo Filbert, karani wa parokia, alikuwa ameshausoma na kwenda nao Marangu, ndiyo maana Aikande aliikuta ofisi haina mtu.

Alihesabu herufi kwa kidole. Ujumbe wa pili ulikoma pale pale neno "Marangu" linapokoma kwenye ule wa kwanza. Katika programu yake, kila ujumbe mpya uliandikwa mahali palepale palipokaa ule uliotangulia. Maktaba ilimwambia kila mara herufi ngapi zimefika. Yeye hakuitazama namba hiyo, wala hakuweka ile sifuri ambayo katika C huonyesha kwamba maneno yameishia hapa. Ujumbe mfupi ukafunika kichwa cha ule mrefu, mkia ukabaki. Alipoijaribu programu alikuwa akiiwasha upya kila mara, kwa hiyo hakuwahi kuliona kosa.

Alimweleza baba yake ndani ya pikapu. Mzee aliikung'uta vumbi ile suti.

"Kwa hiyo nyumbani mimi ni marehemu."

"Wanachimba, baba."

Walipofika, shimo lilikuwa limefika kiunoni mwa Sirili. Alipomwona kaka yake anashuka garini, jembe likamtoka mkononi. Kilio kikakatika ghafla. Hakuna aliyesogea ila Dominika, aliyekwenda polepole, akamshika mumewe mashavu, kisha masikio, kisha mabega, kama anayetafuta palipovunjika.

"Ni mimi, mama Aikande," Primus alisema. "Nimeruhusiwa."

Dominika akamvuta, akamkumbatia.

Aikande alisimama mbele ya watu. "Kosa ni langu. Mashine ilichanganya habari za watu wawili kwa sababu niliiandika vibaya. Niliacha sifuri moja."

"Sifuri?" Sirili aliuliza kutoka shimoni. "Sifuri si kitu!"

Hakuna aliyecheka. Primus aliomba shimo lifukiwe kabla hajatia chochote mdomoni, na akasimama pale hadi udongo wote uliporudi.

Jioni ile Aikande alirekebisha programu. Asubuhi akamwomba nesi Victoria atume jumbe ndefu na fupi, moja baada ya nyingine, mara arobaini, yeye akizisoma huku jasho linamtoka. Zote zilifika salama. Lakini kwa miezi mingi, kila habari iliyotoka kwenye mashine ile Dominika alimtuma mtu mjini akaihakikishe, na Aikande hakumlaumu.