Raba Mbili

Lori lilikohoa, likakohoa tena, likazimika kabla ya daraja la Buipe. Azindow akaliacha lijikokote hadi pembeni, akashuka, akakata matawi na kuyaweka barabarani nyuma yake. Kazi ya matawi ilikuwa ya Napari, utingo wake. Leo Napari alikuwa amelala kwao Savelugu ndani ya sanda.

Mdogo wa marehemu akapiga simu. "Kaka Azindow, tunazika baada ya alasiri. Umefika wapi?"

"Buipe. Filta ya dizeli inavuja."

"Filta? Leo?"

"Leo, ndugu yangu. Nawaomba, msimzike bila mimi."

"Imamu hangojei lori, kaka. Jitahidi."

Akafungua boneti. Dizeli ilichirizika kutoka kwenye filta mpya aliyoifunga mwenyewe jana, kule Techiman. Miaka yote kazi ya filta ilikuwa ya Napari. Yeye Azindow alikaa kwenye usukani akitafuna karanga na kulalamika kwamba jamaa anamchelewesha. Akaikaza. Ikavuja zaidi. Akaikaza kwa hasira mpaka mkono ukateleza na vidole vikachubuka.

Dereva wa lori la saruji akapunguza mwendo. "Alhaji! Utingo wako kakukimbia?"

"Amefariki."

Yule mtu akavua kofia. "Mungu amrehemu. Basi panda, nikufikishe Tamale."

Azindow akatazama ndizi za watu zilizojaa hadi juu ya bodi. Akiziacha hapa, jioni hakuna ndizi. Akatikisa kichwa, akashukuru, akabaki peke yake.

Akaifungua filta upya. Akapitisha kidole kule juu inapokaa, kama alivyozoea kumwona Napari akifanya, bila hata siku moja kumuuliza kwa nini. Kidole kikagusa kitu laini. Raba ya filta ya zamani ilikuwa imeganda palepale, naye alikuwa ameibana mpya juu yake. Raba mbili hazizibi kitu. "Mjinga wa kutupwa mimi," akasema, akaibandua kwa kucha.

Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli, na hiyo ni kazi ya wawili: mmoja anasukuma pampu ya mkono, mwingine upande wa pili wa injini anashika skrubu na kutazama mapovu. Napari alikuwa akiimba, "Bado... bado... funga!" Azindow akasukuma, akazunguka, akatazama, akarudi kusukuma.

"Bado," akasema kwa sauti. "Bado." Hapo ndipo machozi yalipomshinda.

Injini ilipowaka, adhana ya alasiri ilikuwa ikitoka msikitini Buipe. Savelugu nako, swala hiyo ikiisha, wangejipanga nyuma ya jeneza bila yeye.

Akapanda, akashika usukani, asiondoke. Alikuwa anasubiri kitu, hata hakujua nini, mpaka alipokumbuka: makofi mawili ubavuni mwa lori, ishara ya Napari kwamba njia iko wazi. Akashuka. Akaondoa matawi barabarani, akaipiga bodi makofi mawili, akapanda tena, akaenda.