Ndoo Kumi na Saba Chini ya Bati

Nianze na ukweli ili baadaye msinishangae: mimi nina mdomo. Kawetele nzima wanajua. Mume wangu Ambindwile, Baba Jackson, amenivumilia miaka thelathini na nane, na mimi nimemvumilia yeye na kikohozi chake. Kikohozi chenyewe si ugonjwa, ni hodi. Akitaka kutoka uani anakohoa kwanza, ili mkwe wetu Esnath apate nafasi ya kuingia jikoni asionekane.

Kwetu Wanyakyusa, hasa sisi wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani. Ni heshima. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha, unakuta mtu na mkwewe wamekaa sebule moja wanaangalia runinga. Lakini Ambindwile ni mzee wa kanisa na mzee wa mila kwa pamoja, na kwake hilo halina mjadala. Basi kila neno lao linapita kwangu. "Mama, mfikishie baba shikamoo." "Mwambie marahaba, na mbuzi amekata kamba." Kutwa ni kwenda na kurudi, na magoti yenyewe ndiyo haya.

Esnath ni binti wa Lufingo. Ameolewa na mwanetu Jackson mwaka wa tatu huu, wana mtoto mmoja, Anyitike, ambaye ndiye anayenifanya niamke asubuhi. Jackson ni fundi wa magari huko Tunduma. Siku chache baada ya Krismasi, Esnath aliniita jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Mama, niombee kwa baba lile shamba la bondeni. Hata nusu. Nataka nilime nyanya na hoho, ziwe zangu. Jackson kapata chumba Tunduma, anasema Pasaka anakuja kutuchukua mimi na mtoto. Mimi kule sikutaki, mama. Nikiwa na pa kulima nitakuwa na la kumjibu. Nisipokuwa na pa kulima, nitamwambia nini? Nitakwenda tu."

Nyumba hii bila Esnath, bila Anyitike, nibaki na kikohozi peke yake? Sikumwambia hivyo. Mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali, basi nikamwambia hata chumvi leo amezidisha, halafu nikaenda kwa mzee.

Mzee alikuwa ananoa panga. Hata hakuinua kichwa. "La bondeni napanda parachichi mvua zikiisha. Miche nimeshaagiza. Kama anataka nyanya, miche si imebaki kule kitaluni? Achukue, apande anapojua."

Nikalirudisha neno kama lilivyo, maana halikuwa na pa kutiwa sukari. Esnath akauliza, "Imebaki mingapi?"

Ilibaki kumi na saba. Nyanya kumi na moja, hoho sita.

Kesho yake akamfunga mtoto mgongoni, akashuka mjini Tukuyu, mtaa wa Msasani, kwa mafundi rangi, akarudi na ndoo zao tupu kichwani. Hazikutosha, akakata madumu. Akatoboa matako ya ndoo na madumu kwa msumari wa moto, akatia changarawe, akaja na udongo wa chini ya migomba aliouchanganya na samadi ya mwaka juzi. Kisha akazipanga nyuma ya nyumba, chini ya bati, pale lilipotokeza mbele ya ukuta.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jamani, udongo wa Rungwe huu! Ukiangusha kijiti kinaota, halafu mtu anakwenda kuufungia mche kwenye ndoo ya rangi kama mahabusu! Nikamwambia, "Mwanangu, hizo ni nyanya za kupanga. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba atazidai kodi." Akacheka na yeye. Esnath hana kinyongo, hapo ndipo anaponiudhi.

Mzee naye akatuma lake. "Mwambie ndoo kazi yake ni kunyweshea ndama." Jibu likarudi siku ileile: "Mama, mfikishie baba shikamoo. Mwambie ndama wangu kumi na saba hawajambo."

Sisi matuta yetu yapo juu, karibu na nyumba. Nasema yetu, lakini niliyeyainua ni mimi, nikiwa na mimba ya Jackson. Miche yetu ilitoka kitalu kilekile, ikapandwa wiki ileile. Kufika Februari, nyanya za kwenye matuta zilinifika kifuani, tumezifunga kwenye miti kwa kamba za migomba, na hoho zimetanua majani mapana. Za ndooni zilikuwa za magotini. Kila nikipita pale nyuma nilikuwa nasimama kidogo, nachungulia ndoo, naguna, naendelea na safari. Nasema yote hayo mjue nilivyokuwa.

Machi ikaingia. Nyie mliokaa Tukuyu mnaijua mvua ya Machi. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo ili ikanyeshe vizuri mchana. Matuta yakawa hayakauki. Tope likawa linarukia majani. Kule nyuma, Esnath akawa anachota maji na kopo, mvua inanyesha mbele yake, anamwagia shinani polepole bila kugusa jani. Nikamuuliza kama akili zake ziko sawasawa. "Majani yakikaa na maji ndiyo yanaugua, mama," akasema.

Siku moja mzee alikwenda kwenye kikao cha kanisa, na Esnath akapata nafasi ya kupita kwenye matuta. Alirudi anakimbia, ndala moja mkononi.

"Mama, nyanya za upande wa migomba zimeingiwa na ukungu. Mistari miwili ya mwisho. Majani ya chini yana madoa meusi, ukigeuza kwa chini kuna utando mweupe. Mwambie baba aing'oe leo akaizike mbali, na mingine aipulizie dawa mvua ikikatika. Leo, mama. Wiki ijayo hakuna kitu."

"Nitamwambia," nikasema.

Mzee akarudi, nikamwekea chai, nikakaa. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Naye akapuliza chai yake akasema, "Mwaka huu matuta yako yamependeza, Mama Jackson." Basi. Miaka thelathini na nane, mtu yule ananisifia mara moja katika mvua tano! Sasa nimwambie nini? Kwamba yule wa ndoo kapita mara moja tu kaona ugonjwa ambao mimi napita kila siku sijauona? Nikajiambia lile ni tope tu. Nikajiambia kesho nitakwenda mwenyewe kuangalia. Nikamwambia mzee, "Mvua mwaka huu nyingi," nikamwongezea chai.

Kesho mvua ilinikataza kutoka. Keshokutwa niliona uvivu. Esnath aliniuliza, "Baba amesemaje?" Nikamjibu, "Amesikia." Mungu anisamehe, nilisema hivyohivyo, macho makavu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya nane asubuhi nilisikia mzee ananiita kutoka kwenye matuta, na hakuniita kwa ukali, aliniita taratibu, ndiyo maana nikajua. Nyanya zilikuwa nyeusi mwanzo mpaka mwisho. Shina jeusi, jani limekunjamana, tunda bado bichi lina baka la kahawia kama limeunguzwa. Hoho nazo zilikuwa zinaoza kwa maji, ukishika tu inabaki mkononi. Mzee alisimama katikati na kofia yake inachuruzika.

"Hivi humu ndani hakuna hata mmoja aliyeona?" akauliza.

Sikujibu. Mimi mwenye mdomo, sikujibu.

"Basi," akasema. "Nyanya mwisho. Parachichi nitapanda bondeni na hapa juu pia. Nimechoka kulea kitu cha kufa."

Hapo ndipo niliposikia baridi hasa. Maana alikuwa hazungumzii matuta yangu tu. Alikuwa anafunga mlango wa Esnath, na aliyemkabidhi ufunguo ni mimi.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Esnath alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo zake. Nyanya zimeiva, jamani. Nyekundu, ngozi inavutika, majani yake makavu safi. Akanikabidhi bakuli limejaa. "Za baba. Nimesikia alivyosema kule. Mpe pole yake."

Nikashindwa. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote: chai, sifa, tope, "amesikia". Nilitegemea anipigie kelele. Ningependa anipigie kelele, kelele naziweza. Yeye akavuta ndoo moja ya hoho, akaipindua, akaligonga tako la ndoo, udongo ukatoka mzima. Ilikuwa mizizi tupu. Mizizi imezunguka, imezunguka, mpaka udongo huuoni.

"Angalia, mama. Huyu hakui tena. Amejaa. Jua likija nitakuwa nawamwagilia hawa asubuhi na jioni na bado watanyauka. Hivi mama, wewe siku zote ulidhani mimi napenda ndoo?"

Nikaigusa ile mizizi kwa kidole.

"Ndoo imeniokoa na mvua, ni kweli. Lakini nilipanda kwenye ndoo kwa sababu sikupewa pa kupanda. Mimi nataka tuta, kama lako." Akaanza kuurudisha udongo ndooni. "Na Pasaka ndiyo hii, Jackson anakuja Jumamosi."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia pale kwenye kigoda na bakuli la watu mapajani, Anyitike ananivuta kanga anauliza bibi ana nini.

Halafu nikanyanyuka nikaenda kwa mume wangu. Nikaweka nyanya mezani, nikamwambia aliyeona ni nani, aliona lini, alisema nini, na nani alilikalia neno. Nikamwambia na lile la Tunduma, ambalo nilikuwa sijamfikishia vizuri kwa sababu nilikuwa naogopa hata kulitamka. Alichukua nyanya moja, akaigeuzageuza, akaila na mbegu zake zote.

"Umenikosea, Tupokigwe," akasema. Jina langu mwenyewe, ambalo hajalitumia tangu nizae. "Umenikosea mimi, na umemkosea yule zaidi."

"Najua."

"Mimi nikawaza yule binti hana akili ya shamba, kazi kuchezea ndoo. Kumbe wewe ndiye uliyekaa katikati." Akafuta mdomo. "Na mimi ndiye niliyekuweka hapo."

Akasimama, akatoka. Hakukohoa. Nilimfuata mbiombio, nikidhani labda hasira imempanda. Esnath alisikia hatua, akaruka akataka kuingia jikoni, na mzee akageuka haraka, akampa mgongo, akasimama anatazama mvua.

"Mama Anyitike," akasema. "Usikimbie. Kaa."

Mungu wangu. Esnath naye akageukia ukutani, kichwa chini, kanga imemfunika mpaka machoni. Wakawa wamepeana migongo, mimi nipo kati, nawatazama wote wawili.

"Shikamoo baba," ikatoka sauti ndogo.

"Marahaba. Lile shamba la bondeni. Ungepanda nini, na ungeanza lini?"

Esnath akaanza kukunja ncha ya kanga, nikadhani ameshindwa. Nilifungua mdomo nimsaidie, mzee akaninyooshea kidole bila kugeuka, nikaufunga. Kisha yule binti akaanza, mwanzoni neno mojamoja, mwishowe ikawa kama bomba limefunguliwa. Kwamba sasa hivi ni kuchimba mifereji tu, bonde lile lina maji. Matuta yainuliwe mpaka magotini. Nyanya zipandwe Mei mwishoni, mvua ikipungua, hoho zifuate. Zile za msimu wa mvua zibaki ndooni chini ya bati, chache, za mboga, kwa sababu tuta halina paa. Na pakiwa na parachichi, basi mistari yake iwe mbalimbali, katikati pabaki pa kulima kwa miaka ya mwanzo.

"Hayo ya parachichi nani kakufundisha?"

"Baba yangu, Lufingo."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana, kwa lugha yetu, na huwa haimtoki ovyo. "Bonde ni lako, na parachichi nitazipanga mbalimbali hivyohivyo. Na ile siku uliyoona madoa, ulifanya vizuri kusema. Siku nyingine ukiona kitu, simama mbali uniite kwa sauti. Mimi nitageuka."

Halafu kwa mazoea akaniangalia mimi, akauliza, "Amekubali?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimeacha kazi."

Esnath alicheka huko ukutani, na mzee, nawaambia, mabega yalimtikisika.

Jackson alifika Jumamosi saa nne, mvua imepumzika. Alikuja na mabegi mawili makubwa matupu na kamba ya kufungia godoro. Alinikuta barazani namlisha Anyitike uji. Akaweka mabegi chini, akaniamkia, akauliza mke wake yuko wapi.

Nikamwonyesha bondeni. Mfereji ulikuwa umeshachimbwa pande mbili. Mwisho wa huku alikuwa baba yake, mwisho wa kule alikuwa mke wake, wamepeana migongo, na sauti zao zinapita juu ya mabega: "Kina kimetosha, baba?" "Ongeza kidogo, maji yataka njia!"

Jackson alisimama mdomo wazi. "Mama, wanasemezana?"

"Tangu asubuhi. Hata chai hawajanywa."

"Sasa na safari?"

Nilimtazama mwanangu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata ukali ulinishinda. Nikachukua jembe lililoegemea ukutani, nikampa.

"Pale katikati bado hapajachimbwa," nikamwambia.