Nilikuona, Dada

Bertrand alimwona dada yake kwenye nyumba ya kamari Jumanne moja, saa nne asubuhi. Alikuwa ametoka gereji anayofanyia kazi, Gikondo, kupeleka kipuri Kimisagara, na mlango ulikuwa wazi. Pudentienne alikuwa amekaa mbele ya mashine, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, akibonyeza kitufe bila kutazama pembeni. Bertrand aligeuka akaondoka haraka, kana kwamba ni yeye aliyefumaniwa.

Wazazi wao walipofariki Bujumbura, Pudentienne alikuwa na miaka kumi na saba. Ndiye aliyemlea Bertrand, akamsomesha kwa cherehani moja, wakaja wote Kigali. Bertrand hakuwahi kumkosoa hata kwa utani. Sasa angeanzia wapi? Alinyamaza. Mkewe Liliane alipomwuliza mbona hali chakula, alisingizia tumbo.

Lakini binti yao Aurore alikuwa akingoja gauni la kipaimara, na shangazi yake ndiye aliyepewa kitambaa alishone. Kila Aurore alipokwenda kwake soko la Kimironko, aliambiwa arudi kesho. Wiki mbili zikapita hivyo. Siku tatu kabla ya misa, Bertrand alikwenda mwenyewe, adhuhuri, mafundi wengine wakiwa wamekwenda kula.

Aliuliza gauni liko wapi. Pudentienne alisema umeme ulikatika, kisha akasema uzi mweupe umekwisha. Alikuwa akikunja na kukunjua kipande kile kile cha kitenge.

"Nilikuona Kimisagara, dada," Bertrand alisema. "Kwenye mashine."

Mikono ya Pudentienne ilisimama. "Lini?"

"Ni wiki mbili sasa."

"Ukanipita tu?"

"Nilikupita. Niliona aibu." Bertrand alitazama chini. "Nisamehe. Ilinipasa niingie nikuite."

Pudentienne alimpa mgongo, ndipo akaweza kusema. Kitambaa alikuwa amekiuza. Tangu mumewe Théoneste afariki, nyumba ilikuwa na kimya asichokiweza, akaanza kuingia mle kupoteza saa moja tu. Alikuwa ameapa kuacha, hata mbele ya padri.

"Usimwambie mtoto," alisema. "Mwambie nilikuwa mgonjwa."

Bertrand alitamani kukubali. "Sitamdanganya, dada. Lakini sitakutangulia pia. Utamwambia wewe, na mimi nitakaa karibu yako."

Jioni hiyo Pudentienne alimwambia. Aurore alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama cherehani nayo imeuzwa. Shangazi yake akajibu, "Bado." Alipolisikia neno lenyewe likimtoka, alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Aurore alipata kipaimara kwa gauni la kuazima. Pudentienne alikaa benchi la mwisho kanisani, akakataa kupigwa picha.

Hakuacha mara moja. Alirudia mara mbili, na mara zote mbili alikuja kumweleza ndugu yake, macho chini. Halafu Alhamisi moja simu ya Bertrand iliita akiwa chini ya gari la mteja.

"Niko Kimisagara, hapa mlangoni pao," Pudentienne alisema.

Bertrand hakumhubiria. Alimwambia asikate simu, atembee taratibu hadi kituoni. Akamwuliza habari za majirani zake sokoni, za mvua, za goti lake linalomsumbua, mpaka aliposema amepata kiti, na basi limeondoka.