Tope la Mwaka wa Mafuriko

Mtafiti alililaza bomba la plastiki juu ya meza ya maabara, akalipasua kwa urefu. Ndani mlikuwa na tope alilolichimba asubuhi kwenye mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Lilikuwa jeusi, tabaka juu ya tabaka, ila mahali pamoja ulipita mstari wa mchanga mwekundu, mnene kama kidole.

Mchanga kama ule uliletwa na mafuriko makubwa tu, na makubwa kiasi hicho yalitokea mara moja tu, mwaka ambao kivuko cha baba yake kilizama. Yeye alikuwa darasa la pili. Baba hakupatikana, wala hata kiatu chake.

Kabla ya kuandika chochote, alimpigia mama yake simu.

“Mama, nimeuona mwaka ule. Umo humu kwenye tope.”

Mama akauliza: “Uko chini kiasi gani?”

“Sentimita arobaini na moja.”

“Nionyeshe kwa mkono, mwanangu. Mimi sentimita sizijui.”

“Kama kutoka kiwiko mpaka vidoleni.”

Mama akashusha pumzi. “Miaka yote nilidhani kapelekwa bahari kuu. Kumbe hayuko mbali.”

Binti alitaka kumwambia kwamba mchanga si mtu.

“Njoo kesho,” akasema badala yake. “Maji yakipwa nitakupeleka.”

Kesho yake walisimama wameshikana mikono, tope likiwafika magotini. Mama alimwita mumewe kwa jina, kwa sauti ile ya kumwita mtu aje kula.