Mkanda Mmoja Mpya, Miwili Mikuukuu

Balkar alijua kuna ujinga umefanyika kabla hajaingia karakana. Siku mbili tu kwa wakwe zake, na mashine yake ya kukerezea chuma inapiga mayowe hadi barabarani!

Akaizima, akafungua kifuniko cha puli za mikanda. Mkanda mmoja mpya, umekaza. Miwili mikuukuu pembeni, imelegea kama suruali ya kuazima. Mafundi wote wa mji wa Batala wanajua mikanda hubadilishwa yote kwa pamoja, la sivyo mpya unabeba mzigo wa wenzake. Wote, isipokuwa kaka yake, Gurmel, aliyebadilisha ule uliokatika tu.

Ila kaka mkubwa hatukanwi. Ikabidi mashine ndiyo itukanwe.

"We bibi, ni mpumbavu gani kakuvisha hivi?"

"Mwambie bibi yako ile miwili bado mizima," Gurmel alijibu kutoka pembeni, akipuliza chai.

"Mizima? Hata maiti ana viungo vyote!"

Mzee Jagtar, mkulima, alikuwa amekaa juu ya kreti. Shafti ya mashine yake ya kuvunia ilikuwa imefungwa kwenye mashine ya kukerezea, imebaki kupunguzwa kidogo tu. "Wanangu, mpunga wangu ekari nane unapukutika. Kesho ni siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, mashine zote mnazivisha maua, hakuna anayezigusa. Tukaneni haraka basi."

"Paka mikanda ulimbo, utashika," Gurmel alisema, akapaka mwenyewe, akawasha.

Ulishika kwa muda wa funda moja la chai. Kisha mikanda ikateleza, ikashika tena kwa kishindo, na kisu kikazama kwenye chuma. Balkar alikivuta kwa mikono miwili. Shafti ilibaki na mkwaruzo. Ungezidi kwa unene wa nywele mbili tu, Jagtar angevuna kwa mundu.

Balkar akazima umeme, akachukua msumeno wa chuma, akakata mikanda yote mitatu. Hata ule mpya.

"Wewe!" Gurmel aliruka, chai ikamwagikia miguuni.

"Ndiyo, mimi. Na sasa nasema na wewe, kaka, siyo na mashine. Umetaka kuua kazi ya siku tatu kwa ubahili wako. Nenda kalete mitatu, namba zilingane. Leo Diwali, maduka yanafunga saa sita!"

Jagtar akajifanya anatafuta kiatu alichokuwa amekivaa.

Gurmel akachukua pikipiki.

Alirudi saa sita kasoro dakika tano. Balkar alilegeza mota, akavalisha mikanda kwa mkono bila kuichokoa na bisibisi, akakaza, akaibonyeza kwa dole gumba. Mashine ikazunguka bila kelele. Kisu kikaufuta mkwaruzo. Saa nane Jagtar aliondoka mbio, shafti imefungwa kwenye shali yake, hata kuaga alisahau.

Ndugu wawili wakabaki wananawa mafuta kwenye ndoo moja.

"Bado nina hasira," Balkar alisema.

"Nimeona," Gurmel akamsogezea sabuni. "Umekata hata mpya, mwendawazimu wewe."