Aliyesikia Dua ya Jui-Chang

Jui-Chang alikuwa hoi hata kabla kamera haijawashwa. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha: marafiki wa kiume wa Taipei, wote wapenda wanaume wenzao, wakihangaishwa na mapenzi. Aliiandika mwenyewe, na mwigizaji mkuu alipoingia mitini, ikabidi aigize pia. Kuwachekesha watu kwa vidonda vyako mwenyewe ni kazi ya kuchosha, nyie acheni tu.

Siku hiyo walikuwa hekaluni kwa Mzee wa Mwezini, mungu mpanga ndoa. Shujaa wa filamu alitakiwa apige magoti, aulize kama mpenzi wake wa zamani atarudi, kisha arushe sakafuni vibao viwili vya kuombea jibu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mzee amekubali, na filamu inaishia hapo kwa vifijo.

Aliyemkosesha raha ni fundi sauti, Kai-Lun. Waliishi pamoja miaka mingi, wakaachana. Asubuhi hiyo ni yeye aliyemfichia kinasa sauti kwenye ukosi wa shati, bila kumtazama usoni. Jui-Chang hakuwahi kumwambia mtu kwamba bado anamsubiri, wala kwamba nguo za Kai-Lun zingali kabatini.

"Nong'ona chochote, tutaweka muziki juu yake," alisema mwongozaji, Pei-Yao. "Na machozi yawe kidogo, dada. Hatuko msibani." Waliitana dada hivyo hivyo, na vipara vyao.

Jui-Chang akapiga magoti, na mazoea yakamponza. Mbele ya mzee huyu mtu hujitambulisha kwanza: jina, siku ya kuzaliwa, mahali anapoishi, la sivyo jibu litampotea. Mama yake alimfunza hivyo tangu utotoni, basi mdomo ukaitangulia akili. Akataja jina lake halisi, akataja nyumba waliyoishi wote wawili, akauliza: Kai-Lun atarudi?

Vibao vyote vikalala kifudifudi. Hapana. Pei-Yao akataka warudie. Jui-Chang akauliza vilevile, kwa ukaidi wa mtu aliyekwisha kujibiwa. Hapana tena. Watu wakaanza kunung'unika kwa njaa. Alipoinua kichwa akamwona Kai-Lun amevua hedifoni, uso umemshuka, ndipo akakikumbuka kile kinasa sauti. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kai-Lun akaja, akajifanya anarekebisha waya shingoni mwa Jui-Chang.

"Mbona unamsumbua mzee wa watu?" alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniuliza mimi."

"Haya. Utarudi?"

"Hapana, Jui. Nilidhani unajua."

Iliuma. Iliuma sana, lakini mabega yake yalilegea kama ya mtu aliyetua gunia. Jibu lenyewe halikumchosha hata nusu ya kulisubiri.

Kamera ikawashwa tena. Akajitambulisha upya, jina na nyumba, akanong'ona kuuliza kama ahame nyumba ile. Kibao kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi.

Hekalu zima likalipuka kwa makofi. Pei-Yao alijifuta macho akisema mapenzi ndiyo hayo sasa, mtu wake amerudi. Jui-Chang alibaki magotini analia, na hakuna aliyemwambia apunguze.

"Sauti je?" Pei-Yao aliuliza.

Kai-Lun alizima mashine yake ya sauti.

"Nimesikia kila neno," alisema. "Tusirudie."