Silinda ya Tatu

Mara ya kwanza dada yake alipolileta, fundi alisema gari lina kwikwi, lipewe maji linywe taratibu, na dada akacheka. Mara ya pili alibadilisha plagi. Mara ya tatu alibadilisha nyaya za plagi, akaifungua kabureta na kuiosha tundu kwa tundu. Sasa ilikuwa mara ya nne, na hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

"Linamisi tena," dada alisema akimpa ufunguo. "Asubuhi linakuwa zima kabisa. Nikizunguka nalo kidogo, linaanza kuchechemea."

"Na likipoa?"

"Linasahau."

Watu walimwita fundi huyu Kimya. Mdomo wake ulikuwa mzito, ni kweli, lakini jina lilitokana na kazi yake: injini ikitoka mikononi mwake ilikuwa haisikiki. Wateja walikuwa wakigusa boneti kuhakikisha inawaka. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Dada alimzidi miaka sita, na alikuwa akiuza katika duka la dawa. Miezi mitatu nyuma, mama yao alizidiwa huko nyumbani, safari ya saa nne kwa gari. Fundi alikuwa ametangulia kumuuguza. Dada alipigiwa simu saa nane mchana, akabaki nusu saa akimsubiri mwenzake aje apokee funguo za duka. Alifika saa mbili usiku. Mama alikuwa amekata roho saa moja na robo.

Dada alisema gari lilimsumbua milimani, likapanda kama mgonjwa. Alfajiri, kabla ya mazishi, fundi aliliwasha mbele ya ndugu wote. Liliwaka mara moja, likatulia kama maji mtungini.

"Gari ni zima," alisema, akafunga boneti.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini mama mdogo alikuwa mlangoni, akaliokota neno hilo na kwenda nalo kwa waombolezaji. "Kumbe gari zima. Mtu alifunga duka lake kwanza." Tangu siku hiyo dada hakulitaja gari. Alizitaja funguo tu, na nusu saa yake.

Fundi aliushika ufunguo, akafikiri. Mara zote tatu dada aliliacha gari jioni, naye alilishika asubuhi likiwa baridi. Alikuwa akimpima homa mtu aliyekwisha pona.

"Leo twende wote," alisema. "Nataka liugue mbele yangu."

Walizunguka nusu saa. Dada aliendesha, mikono yote miwili juu ya usukani. Kwenye kilima cha nyuma ya soko, gari likaanza: tetemeko, pengo, tetemeko, pengo. Fundi alisikia kwa makalio kabla ya masikio.

"Ndivyo lilivyokuwa siku ile?"

"Siku ile lilizidi."

Walipofika karakana, hakumruhusu azime. Alifunga kitambaa mkononi, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba, akaurudisha. Wa pili, ikayumba. Wa tatu alipouchomoa, injini haikubadilika hata chembe. Silinda ile ilikuwa haifanyi kazi. Ilikuwa inabebwa na wenzake.

Akamwambia azime, akatoa plagi na kuingiza kipimo cha mgandamizo katika silinda zote, moja baada ya nyingine. Nyingine zote zilikuwa na nguvu. Silinda ya tatu ilifika nusu, mshale ukagoma. Silinda isiyobana ina mahali inapovuja. Alifungua mfuniko wa juu, akachukua kile kijibamba chembamba kuliko ukucha, cha kupimia nafasi kati ya tapeti, kijichuma kinachosukuma valvu, na valvu yenyewe. Kwenye valvu ya kutolea moshi, kijibamba hakikuingia. Akachukua chembamba zaidi. Hakikuingia.

Hapo mikono yake ikasimama.

Tapeti zile alizirekebisha mwenyewe, wiki moja kabla ya mama kuugua. Zilikuwa zikilia tik tik, kama cherehani, naye hakupenda gari la dada yake lilie. Hakutumia kijibamba. Alizikaza kwa kidole, kwa mazoea, mpaka zikanyamaza. Lakini chuma kikipata moto hutanuka, na valvu isiyoachiwa nafasi haifungi.

Alilegeza nati, akageuza skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko. Kijibamba kikapita. Akakaza, akarudisha kila kitu.

"Washa."

Injini ikalia kwa silinda zote nne, pamoja na tik tik nyembamba juu yake. Dada akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. "Limepona? Ilikuwa nini?"

Fundi angeweza kusema nati ilijilegeza. Dada angeamini, kwani hakujua nati wala skrubu.

"Ilikuwa mimi," alisema.

Akamweleza polepole, pamoja na lile la alfajiri ya mazishi, kwamba aliliwasha likiwa baridi. Dada alisikiliza akiwa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Lingekuwa zima," aliuliza, "ningefika saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Hata na funguo?"

"Hata na funguo. Na bovu lile, hata ungetoka saa nane kamili, ungefika saa moja na nusu. Usingemkuta. Nusu saa yako haikuondoa wala kuongeza kitu, dada."

Dada alitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo ningekaa naye dakika arobaini na tano."

"Ndiyo."

"Wewe uliniambia alilala tu. Aliniulizia?"

Fundi alijifuta mikono iliyokwisha futwa. "Mara tatu. Nilimwambia uko njiani."

Dada alilia bila sauti, mdomo umefumbwa, kama mtu anayejizuia kukohoa mbele za watu. Fundi alisimama palepale. Hakujua kama ana haki ya kumshika bega, kwa hiyo hakumshika.

"Miezi mitatu namwomba mama msamaha," dada alisema mwishowe. "Sijui kama umenipunguzia au umeniongezea."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe."

Fundi akatoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?"

"Mama mdogo."

"Atakusema mpaka kwa wajukuu."

"Aseme."

Simu iliita mara mbili. "Haya, Kimya wangu," sauti ya mama mdogo ikaja, kubwa na changamfu, "leo jua limetokea wapi?"

"Mama mdogo," fundi alisema, "ile alfajiri niliwaambia gari ni zima. Nilikuwa sijalipima."

Dada alinyoosha mkono, akazima injini ili asikie.